Msiba wa Kujitakia

Wahenga wetu walituachia methali nyingi za huruma, lakini walituachia pia chache za ukali, na mojawapo ni hii: msiba wa kujitakia hauna kilio. Nimeisikia tangu utoto wangu. Huambiwa mtoto aliyepanda mwembe aliokatazwa akaanguka. Huambiwa mlevi aliyelala mtaroni akanyeshewa. Na katika miji yetu ya pwani, tangu heroini ilipoanza kuingia miaka ya 1980, husemwa juu ya kijana aliyekufa kwa unga. Sina ugomvi na wahenga. Nadhani walitaka kumfundisha mtoto atazame anapokanyaga. Lakini methali ni kama panga. Kazi yake hutegemea mkono ulioishika. Mwalimu hufyeka nayo njia, na mtu aliyechoshwa na wenzake huwakata nayo.

Katika kurasa hizi nataka kusimulia historia ya dawa moja iitwayo naloksoni, na hasa jinsi ilivyochukua karibu miaka hamsini kutoka kwenye chupa ya maabara hadi kwenye gari la askari polisi wa doria. Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na nilizoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kila uvumbuzi una tarehe mbili: ile ya kitu kupatikana, na ile ya kitu kumfikia anayekihitaji. Vitabu huandika tarehe ya kwanza. Watu hufa kati ya hizo mbili.

Kwanza hapana budi tuelewe kifo chenyewe kilivyo. Afyuni, mofini, heroini, oksikodoni na fentanili ni za ukoo mmoja, ingawa nyingine hutoka shambani na nyingine hupikwa kiwandani. Zikiingia damuni hupanda hadi kwenye ubongo na kukalia mahali maalumu, mithili ya mtu anavyokalia kiti chake. Huko huondoa maumivu, huleta raha na usingizi. Tatizo ni kwamba viti vya namna hiyo vipo pia katika shina la ubongo, pale panapotolewa amri ya kupumua. Dawa ikizidi, amri ile hufifia. Pumzi hupungua, mara nyingine kwa mkoromo mzito ambao watu wa nyumbani hudhani ni usingizi mzuri. Mboni za macho hunywea zikawa kama kichwa cha pini. Midomo na kucha hugeuka rangi, kwa mweupe huwa buluu na kwa mtu mweusi huwa kama majivu. Mfa maji hutapatapa, lakini anayekufa kwa unga hatapitapi. Anaondoka kimya kimya, na ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita.

Naloksoni hufanya jambo moja tu. Hukimbilia viti vilevile, huviking'ang'ania kwa nguvu zaidi, na kumwondoa aliyekuwa amekaa. Amri ya kupumua inarudi, mara nyingi ndani ya dakika mbili au tatu. Dawa hii hailewi mtu wala haina raha yoyote, na ikimwingia mtu asiye na afyuni mwilini haimfanyi lolote la maana. Ila nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu, hivyo sumu yenyewe yaweza kumrudia mgonjwa baada ya naloksoni kwisha. Ndiyo maana aliyezinduliwa lazima apelekwe hospitali, hata kama amekaa kitako anasema yu mzima.

Dawa hii ilitengenezwa New York na wanakemia wawili, Mozes Lewenstein na Jack Fishman, nao waliombea hataza mwaka 1961. Fishman alikuwa mzaliwa wa Poland, kijana wa miaka thelathini hivi. Mwaka 1971 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliidhinisha itumike. Ikaingia katika vyumba vya upasuaji, kumwamsha mgonjwa aliyezidishiwa mofini, ikaingia katika vyumba vya dharura, na baadaye ikapanda magari ya wagonjwa. Huko ikakaa. Kwa robo karne ilikuwa dawa ya daktari, ya muuguzi, na ya mhudumu wa gari la wagonjwa mwenye mafunzo ya juu. Hata kufikia mwaka 2013, katika majimbo mengi ya Marekani mhudumu wa ngazi ya chini kwenye gari lilelile hakuruhusiwa na sheria kumpa mgonjwa naloksoni.

Sasa tujiulize: mtu akizidiwa na heroini chooni mwa stesheni, au chumbani kwake usiku, ni nani hufika kwanza? Si daktari. Wa kwanza ni aliyekuwa naye, yaani rafiki anayetumia naye, au mama aliyesikia kishindo. Anayefuata, mara nyingi, ni polisi, kwa kuwa gari lake tayari limo barabarani likizunguka. Kisha zimamoto. Kisha gari la wagonjwa. Daktari ni wa mwisho kabisa. Basi dawa ilikuwa mkononi mwa yule afikaye mwisho, na aliyefika mwanzo alikuwa na mikono mitupu. Kila mmoja aliyekuwa katika mlolongo huo alifanya kazi yake sawasawa kwa mujibu wa kanuni, na mgonjwa akafa kwa mujibu wa kanuni.

Waliokuwa wa kwanza kuvunja mpango huo hawakuwa polisi wala serikali. Walikuwa watu wa Chicago, chini ya Dan Bigg, waliokuwa wakigawa sindano safi kwa watumiaji ili kuwakinga na UKIMWI. Mwaka 1996 mmoja wa waanzilishi wenzake alikufa kwa heroini. Msiba ule ukawafanya waanze kutia naloksoni katika vifurushi vyao, wakawapa watumiaji wenyewe na kuwafundisha namna ya kuokoana. Sheria haikuwa imewaruhusu waziwazi, ila hawakuisubiri. Mwaka huohuo wa 1996, kwa bahati mbaya ya historia, kidonge cha OxyContin kiliingia sokoni Marekani, kikasifiwa kwa madaktari kuwa hakileti uraibu kirahisi. Mwaka 2007 kampuni iliyokiuza ilikiri mahakamani kosa la kukipa sifa za uongo. Kufikia wakati huo mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kukizoea, na wengi walipoona vidonge vimekuwa ghali wakahamia heroini. Hivyo ugonjwa na kinga yake vilitoka nyumbani mwaka mmoja, lakini ugonjwa ulipanda gari la kampuni kubwa, na kinga ikaenda kwa miguu ndani ya mkoba wa mtu wa kujitolea.

Jimbo la New Mexico lilikuwa la kwanza, mwaka 2001, kupitisha sheria ya kumlinda raia wa kawaida anayempa mwenzake naloksoni. Jiji la Boston lilianza kuigawa kwa wananchi mwaka 2006. Katikati ya tarehe hizo kuna moja ambayo huniumiza kila nikiikumbuka. Mwaka 2003 mtoto wa kambo wa Jack Fishman, yule aliyeivumbua naloksoni, alikufa kwa heroini. Dawa ya baba yake ilikuwa na umri wa miaka arobaini na zaidi, imekwisha kusambaa hospitali zote. Nimesema hospitali zote. Sikusema chumba alimofia.

Sasa tufike Quincy, mji uliokuwa na watu elfu tisini hivi mwaka 2010, kusini mwa Boston, ufukweni mwa bahari. Ni mji wa kawaida, si makao ya wahalifu. Lakini wazazi wa pale walikuwa wamechoka kuzika. Katika muda wa mwaka na nusu watu 47 walikuwa wamekufa kwa dawa za jamii ya afyuni. Polisi wa mji ule, wakiongozwa katika jambo hili na ofisa mpelelezi Patrick Glynn, waliitazama kazi yao wakaona wao hufika mlangoni kabla ya wengine, husimama juu ya mtu anayekufa, na hawana la kufanya ila kungoja gari la wagonjwa. Oktoba 2010, kwa kushirikiana na idara ya afya ya jimbo la Massachusetts, polisi wa Quincy walikuwa wa kwanza Marekani kumlazimisha kila askari wa doria kubeba naloksoni. Nakazia neno kumlazimisha. Haikuachwa kwa mwenye moyo laini peke yake. Iliwekwa pamoja na vifaa vingine vya kazi.

Kifaa chenyewe hakikuwa cha ajabu. Ilikuwa bomba la sindano lililojazwa dawa tayari, miligramu mbili katika mililita mbili, lisilo na sindano mbele bali kofia ndogo ya plastiki laini inayogeuza maji kuwa ukungu. Askari alifunga kofia hiyo, akampulizia mgonjwa nusu ya dawa tundu moja la pua na nusu tundu la pili. Kutokuwepo kwa ncha ya sindano kulikuwa jambo kubwa. Askari aliyeogopa kuchomwa na kuambukizwa virusi hakuwa tena na kisingizio.

Mafunzo nayo hayakuwa ya miaka. Kwa muda mfupi, saa moja au zaidi kidogo, mtu aweza kujifunza yote ya lazima. Kwanza, kutambua: muite mgonjwa kwa sauti, msugue kwa nguvu mfupa wa kifua kwa ngumi, asipoamka, tazama pumzi, midomo, mboni za macho. Pili, ita gari la wagonjwa. Tatu, mpe pumzi kwa kinywa au kwa kifaa, kwa sababu anachokufa nacho ni kukosa hewa. Nne, mpulizie dawa. Zikipita dakika mbili tatu bila dalili, rudia. Tano, akianza kupumua mlaze ubavu, asije akatapika akakabwa. Sita, usimwache. Na la saba, ambalo nadhani lilikuwa gumu kuliko yote kwa askari: usitegemee kushukuriwa. Mtu aliyezinduliwa ghafla kwa naloksoni huamka katika maumivu ambayo vijana wetu wa Dar es Salaam huyaita arosto. Anatetemeka, anatapika, pengine anatukana. Kwa upande wake, umemnyang'anya raha yake. Hajui kuwa alikuwa amekwisha kwenda.

Baadhi ya askari walinung'unika mwanzoni. Walisema hawakuajiriwa kuwa wauguzi. Manung'uniko hayo yalipungua mtu mmoja mmoja alipoona kwa macho yake mtu wa rangi ya majivu akivuta pumzi. Katika miaka mitatu hivi ya mwanzo, polisi wa Quincy walitumia naloksoni zaidi ya mara 200, na karibu watu kumi na tisa katika kila ishirini walipona. Mwaka 2013 watafiti walichapisha takwimu za miji 19 ya Massachusetts iliyokuwa imewafundisha wananchi na kuwagawia dawa hii. Walilinganisha vifo vya miaka ya 2002 hadi 2009. Palipofunzwa watu wachache, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko pasipo na mpango. Palipofunzwa wengi, pungufu kwa asilimia 46. Kwa lugha nyepesi, kadiri dawa ilivyotawanyika mikononi mwa watu wa kawaida, ndivyo makaburi yalivyopungua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Machi 2014 gavana wa Massachusetts alitangaza hali ya dharura ya afya na kuruhusu waokoaji wote wa mwanzo, polisi na zimamoto, kubeba naloksoni. Mwezi huohuo Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Marekani, Eric Holder, aliwahimiza wa kwao nchi nzima wafanye vivyo hivyo. Jijini New York majaribio yalikuwa yameanza katika kisiwa cha Staten Island, na Mei 2014 jimbo likatoa fedha za kuwapa vifaa askari wapatao 19,500 wa jiji. Kila mfuko, wenye mabomba mawili, kofia zake, glavu na kijitabu cha maelekezo, uligharimu dola 60 hivi. Mwishoni mwa 2015 ikaidhinishwa chupa ndogo ya kupuliza puani isiyohitaji kuungwa wala kufungwa chochote. Mtoto wa shule angeweza kuitumia. Kufikia 2018 idara za polisi na masherifu zilizobeba naloksoni zilizidi 2,000.

Nisiifanye hadithi hii iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Vita vilipokuwa vikishinda mitaani, bei ilipanda dukani. Miji iliyokuwa imeanza kununua kwa wingi ikakuta bomba lilelile limekuwa ghali mno, hata Februari 2015 jimbo la New York likalazimika kupatana na mtengenezaji alirudishie dola 6 kwa kila dozi. Ukiona soko linachangamka pale watu wanapokufa, ujue dhiki ya mmoja ni faida ya mwingine, kama ilivyokuwa tangu zamani.

Pingamizi jingine halikuwa la fedha. Lilikuwa lile la methali yetu, ingawa wenzetu hao hawakuwa nayo kwa Kiswahili. Walisema: ukimwokoa leo atarudia kesho. Walisema: ukimhakikishia kuwa ataokolewa, unampa moyo wa kuzidisha. Mwaka 2017, katika mji wa Middletown, jimbo la Ohio, uliokuwa umeelemewa na gharama, diwani mmoja alipendekeza kwamba mtu aliyekwisha kuokolewa mara mbili, na asiyefanya kazi za jamii kulipia gharama hizo, gari lisitumwe akizidiwa mara ya tatu. Pendekezo halikupitishwa. Na katika wilaya ileile ya jirani zao, sherifu alisema wazi kuwa askari wake hawatabeba dawa hiyo.

Sitaki kumdhihaki diwani yule. Mji maskini ukitumia fedha za barabara kuzindua watu walewale kila wiki, anayeshika daftari la mapato lazima aumwe kichwa. Lakini hoja yake ilificha jambo moja. Mgonjwa wa moyo anayekula mafuta na kuvuta sigara, gari humwendea mara ya tatu, na ya nne, na ya tano. Dereva mlevi aliyepindua gari lake hutolewa kwenye vyuma na zimamoto bila kuulizwa ni mara ya ngapi. Misiba ya kujitakia ni mingi sana duniani, pengine ndiyo mingi kuliko yote. Tunachochagua ni ipi tuilie. Na tukichunguza, tutakuta tunawalilia wanaofanana na sisi.

Hata Marekani jambo hili lilionekana. Miaka ya 1970 heroini iliwamaliza vijana weusi na wa Puerto Rico katika mitaa ya New York, na naloksoni ilikuwapo tayari. Hakuna aliyeona haja ya kumfungia askari chupa kiunoni, alifungiwa pingu. Ni pale vifo vilipoingia katika miji ya watu weupe wa tabaka la kati, katika nyumba zenye bustani, ndipo watawala waliposema kwamba huu ni ugonjwa. Nafurahi kuwa walisema. Ila historia inatupa wajibu wa kuandika pia walichelewa kwa ajili ya nani.

Polisi pia hawakuwa jibu kamili. Mtu mwenye unga mfukoni haiti polisi rafiki yake akizimia, hukimbia. Ilibidi zitungwe sheria za kumlinda anayepiga simu asishtakiwe kwa dawa alizokutwa nazo. New Mexico ilianza mwaka 2007, Massachusetts ikafuata 2012, kisha nyingine nyingi. Fentanili nayo ilipoingia, yenye nguvu takriban mara 50 ya heroini, uliibuka uvumi kwamba askari akigusa tu vumbi lake ataanguka. Mwaka 2017 wataalamu wa sumu wa Marekani walitoa tamko kwamba kugusa kwa ngozi hakuwezi kumlewesha mtu kiasi hicho, na kwamba hofu isimzuie mwokoaji. Hilo nalo likawa sehemu ya mafunzo: kumfundisha mwokoaji kipi aogope na kipi asiogope.

Je, vita vimekwisha? Hasha. Kati ya 1999 na 2021 Wamarekani karibu 645,000 walikufa kwa dawa za jamii ya afyuni. Mwaka 2022 waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya za aina zote walikuwa karibu 108,000. Machi 2023 chupa ya kupuliza puani iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, na mwaka 2024 vifo vikashuka hadi 80,000 hivi. Wataalamu wanatoa sababu kadhaa za kushuka huko, na kutapakaa kwa naloksoni ni mojawapo. Elfu themanini bado ni uwanja wa mpira uliojaa watu. Lakini ni makumi ya elfu waliobaki na mama zao.

Mimi mwenyewe niliishika chupa hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2016, nilipokwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi karibu na Boston. Ilikuwa ndani ya mkoba wake, kati ya funguo na pakiti ya peremende. Nikamuuliza, "Mama, wewe una nini cha kufanya na mateja nje ya kazi?" Akanijibu, "Baba, simbebei teja. Nambebea yeyote nitakayemkuta ameanguka. Nikishamkuta, ndipo nitakapojua ni nani." Nilikaa kimya. Sikuwa nimemweleza binti yangu mengi juu ya Idi, jina ambalo nitampa hapa mpwa wangu.

Idi alikuwa mwana wa dada yangu mkubwa, kule Tanga. Alikuwa fundi rangi, mwenye mkono mwepesi, na alikuwa hanipiti njiani bila kuniamkia, "Shikamoo mjomba." Alianza na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, kisha akafika kwenye sindano. Alikufa mwaka 1998, ndani ya jumba ambalo halijakwisha kujengwa. Wenzake hawakumkimbia, kama watu walivyodai. Walimmwagia maji ya baridi, wakampiga makofi, wakamwinua na kumtembeza, wakajaribu kumnywesha maziwa. Walifanya kila walichokijua. Waliposimamisha teksi, dereva aliona ni vijana wa namna gani akaondoa gari. Walimbeba kwa mkokoteni. Alifika amekwisha kufa.

Msibani, tukiwa tumekaa mkekani tukingoja maiti ioshwe, mzee mmoja wa mtaani alivuta pumzi akasema, kwa upole kabisa, msiba wa kujitakia hauna kilio. Wengine waliitikia kwa vichwa. Na muda huohuo, kutoka ndani, tulikuwa tunamsikia dada yangu. Alilia hata sauti ikamkauka, akaendelea kulia bila sauti. Basi methali ilikuwa imekanushwa palepale na mwenye msiba, ila hatukuwa na masikio ya kusikia.

Kwetu pwani yapo yaliyofanyika tangu hapo. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na Kenya ikafuata mwaka 2014. Mwaka huohuo wa 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu anayeelekea kumshuhudia mwenzake akizidiwa, wakiwamo marafiki, jamaa na wafanyakazi wa jamii, apatiwe naloksoni na kufundishwa kuitumia. Ushauri huo haukuandikwa kwa ajili ya nchi tajiri peke yake. Ukiusoma kwa macho ya Tanga au Mombasa au Unguja, unakulazimisha uulize swali lile la Quincy: hapa kwetu nani hufika kwanza? Si gari la wagonjwa. Ni kijana wa bodaboda pale kijiweni. Ni mama lishe mwenye jiko lake karibu na maskani. Ni mjumbe wa nyumba kumi anayegongewa mlango usiku. Ni teja mwenzake. Hao ndio waokoaji wetu wa mwanzo, hata kama hakuna aliyewapa cheo hicho, na wote wanaweza kujifunza kwa saa moja yale mambo saba niliyoyataja.

Watu hunambia, mwalimu, kuna malaria, kuna wajawazito, kuna watoto wasio na madawati, mateja watangulie? Sisemi watangulie. Nasema wasiachwe nje ya foleni. Polisi wa Quincy hawakuacha kufukuza wezi walipoanza kubeba naloksoni. Waliongeza kitu kimoja katika gari, na wakaongeza wazo moja kichwani: kwamba mtu asiyepumua hana kesi ya kujibu kwanza. Apumue. Ya kujitakia na ya kutojitakia yataulizwa akiwa hai, na maadam yu hai, huenda akayajibu yeye mwenyewe.